MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Chai ya Kijani na Chai ya Maziwa



Mzazi mmoja wa hapa Gulwe ameniuliza juu ya kinywaji kiitwacho macha, ambacho vijana watokao masomoni mijini wamerudi nacho midomoni. Je, ni halali? Na je, chaweza kutengenezwa nyumbani, au ni lazima kijana akakitafute mkahawani kwa fedha ambazo zingenunua mboga ya siku nzima? Maswali haya mawili ni ya haki, nami nitayajibu. Kisha nitaongeza la tatu ambalo hakuniuliza, nalo ndilo zito zaidi.

Macha si kitu kingine ila chai. Mti wake ni ule ule wa chai ya Mufindi, Rungwe na Usambara, ambayo Wajerumani waliileta Amani mwaka 1902. Tofauti imo katika matengenezo. Majani ya chai yetu nyeusi husagwa na kuachwa yageuke rangi kwa hewa kabla ya kukaushwa. Lakini Wajapani huitia michai yao kivulini kwa muda wa wiki tatu hivi au zaidi kabla ya kuchuma, ili majani yazidi ukijani. Kisha huyapiga mvuke, huyakausha, huondoa vijiti na mishipa, na kuyasaga kwa mawe mpaka yawe unga laini kabisa. Mji wa Uji, karibu na Kyoto, una sifa ya tangu zamani kwa kazi hii. Mtawa wao mmoja, Eisai, alirudi kutoka Uchina mwaka 1191 akaieneza chai nchini mwake, na mwaka 1211 akatunga kitabu cha kuisifu.

Basi hukumu ya macha ni hukumu ya chai: ni jani, wala halileweshi. Ila anunuaye unga uliokwisha changanywa na vitu vingine, na asome kwanza maandishi ya kopo.

Ama namna ya kutengeneza, kikombe kimoja chataka kijiko kidogo kimoja cha unga, kisichojaa pomoni. Uchunge kwa chujio safi ili usifanye madonge. Chemsha maji, kisha yaache yapoe kidogo, kwa kuwa maji yatokotayo huitia macha uchungu. Mimina maji hayo kiasi cha robo kikombe, ukoroge upesi upesi kwenda mbele na nyuma mpaka povu litokee. Wajapani wana kichapio cha mwanzi kwa kazi hii. Wewe uma utakutosha. Ndipo uongeze maziwa ya moto mpaka kikombe kijae. Ukitaka povu zaidi, mimina kutoka kikombe kimoja hadi kingine kwa juu, kama wafanyavyo wauza chai stendi. Hiyo ndiyo wanayoiita macha late, na neno late asili yake ni Kiitaliano, maana yake ni maziwa. Kwa hiyo jina lote hilo kubwa ni chai ya maziwa.

Maziwa nayo yana sharti lake. Wilaya yetu ya Mpwapwa ni nchi ya ng'ombe, hata ipo aina ya ng'ombe wa maziwa na nyama iliyozalishwa katika kituo cha utafiti hapa ikaitwa kwa jina la Mpwapwa. Lakini maziwa mabichi yaweza kuchukua ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata mtu pia ukamtia homa za muda mrefu, na yaweza kuchukua kifua kikuu. Kuyapasha moto tu hakutoshi. Yachemke mpaka yapande, ndipo yatiwe kikombeni.

Sasa nakuja kwenye lile la tatu: kinywaji hiki kinywewe lini, na nani, na kwa moyo gani?

Chai, iwe nyeusi au ya kijani, ina kitu kinachoyashika madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na mboga, yasiingie mwilini vema. Chuma hicho ndicho kijengacho damu. Nasi wa nyanda hizi chakula chetu kikubwa ni ugali wa mtama au uwele kwa mlenda, kunde na mchicha. Nyama si ya kila siku. Mama mjamzito ateremshaye ugali kwa kikombe cha chai hujinyima nusu ya faida ya jasho lake shambani, na mtoto alelewaye kwa chai na kipande cha mkate hukua na damu haba. Dawa yake haina gharama: chai iwe mbali na chakula, angalau kwa saa moja. Watoto wadogo wapewe uji na maziwa, wala si chai. Na mchanga aliye chini ya miezi sita asipewe kitu ila ziwa la mama yake.

Tena, anywaye macha hulimeza jani lenyewe, na kafeini yake pamoja. Kijana akinywa baada ya sala ya Isha, usingizi humruka, na alfajiri adhana humkuta amelala fofofo. Kinywaji kinachokupotezea sala ya Alfajiri hakikukufaa, hata kingekuwa halali namna gani.

Na sukari! Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa ikipunguzwa hadi chini ya gramu 25 kwa siku, yaani kama vijiko sita vidogo, faida huzidi. Wako miongoni mwetu wanaovimaliza vijiko hivyo katika kikombe cha asubuhi na cha jioni tu. Sura ya Al-A'raf imetukataza israfu katika kula na kunywa, na israfu si ya fedha peke yake.

Neno la mwisho ni kwenu, vijana. Nimesikia ya binti aliyesukuma kando kikombe cha mama yake kwa kuwa si macha. Mama yule aliamka gizani, akawasha moto, akachemsha maziwa, akaponda iliki na tangawizi. Kuionja chai ya Wajapani si kosa. Kosa ni kuidharau kazi ya mzazi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ikiwa macha imetufundisha kupima kiasi, kutengeneza bila haraka na kupunguza sukari, basi mgeni huyu ametufaa. Aliyejifunza kuikoroga, na amtengenezee mama yake kikombe kimoja kwanza, kisha naye apokee kikombe cha mama kwa mikono miwili na kusema ahsante.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika riziki zetu. Wabillahi tawfiq.