Nani Kasema Boxer Haifiki Ng'ambo?

Ndugu zangu, kuna kasumba moja imenichosha. Mwambie kijana wa mjini kwamba pikipiki inaweza kutoka Tabora ikafika ng'ambo, atakuuliza, "BMW?" Mjibu kuwa ni Boxer, atacheka mpaka machozi yamtoke. Boxer ni ya bodaboda, bwana! Safari ndefu ni za wazungu.

Hivi nani alitufundisha hivyo? Mimi nailaumu televisheni. Mwaka 2007 Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka Scotland hadi Cape Town kwa BMW, na Tanzania wakapita. Sina ugomvi nao. Lakini walikuwa na magari ya msaada na watu wa kamera. Sisi tukaziona pikipiki tu, tukadhani siri yote iko kwenye bei.

Mtu wa Tabora ndiye hasa hakupaswa kudanganyika. Karne ya 19 Wanyamwezi walitembea hadi Bagamoyo na kurudi, wakaenda Ujiji, wakafika mpaka Katanga. Njia hiyohiyo ilipitisha watumwa, kwa hiyo sitaki kuipamba. Ila pagazi alijua maandalizi. Mzigo wake ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi, na juu yake mkeka na chungu chake. Livingstone, pamoja na jina lake kubwa, mwaka 1872 alikaa Kwihara tangu Machi hadi Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Umaarufu haubebi mzigo.

Sasa tuje kwenye pikipiki. Maandalizi yanaanza na uzito. BMW ya aina ile inapita kilo 200 kabla hujafunga hata begi. Ikikulalia kwenye mchanga peke yako, utaijua bei yake vizuri! Boxer unainyanyua mwenyewe.

Halafu vipuri. Badilisha cheni na sproketi zake kwa pamoja, maana cheni mpya juu ya meno yaliyoliwa haidumu. Beba plagi, waya wa klachi, tyubu mbili, pampu na spana zinazoingia kwenye nati zako. Kaza spoku. Kisha, hili ndilo kubwa, jifunze kuziba pancha mwenyewe. Fundi wa chini ya mwembe pale Tabora anayajua yote haya, lakini hakuna anayemwita mtaalamu wa safari.

Tatu ni karatasi, na hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa majirani, kuna bima ya Kadi ya Njano ya COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ilibaki kwenye mpango huo. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa nchi kama Misri, forodha wanataka kaneti, hati ya dhamana kwamba chombo chako kitatoka tena nchini mwao. Dhamana hiyo hukadiriwa kwa thamani ya chombo. Umeona? Pikipiki rahisi, dhamana ndogo!

Na tangu vita vya Sudan vilipoanza Aprili 2023, njia ya kaskazini si ya kuichezea. Unapakia melini. Unatoa petroli, unachomoa nyaya za betri, unaifunga kwenye kreti ya mbao. Gharama ya meli hufuata sana ukubwa wa kreti, na hapo tena mdogo ndiye mshindi.

Najua mtasema viza. Kweli, viza ni ukuta, na mzungu haulizwi maswali tunayoulizwa sisi. Huo ni uonevu, tuupigie kelele. Lakini viza haijakuzuia kwenda Bujumbura wala Kampala. Kilichokuzuia ni kusubiri BMW.

Babu zetu hawakusubiri kununuliwa farasi. Walipima mzigo, wakaufunga, wakaondoka. Wewe cheni yako uliikagua lini?