Vyeti havisafishi data

Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Leo nina ugomvi.

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana siku hizi ni hili: "Nataka kuwa mchambuzi wa data. Nisome kozi gani?" Kabla sijajibu, wananitumia tangazo. Wiki 12, cheti mwishoni, picha ya kijana anatabasamu mbele ya laptopu yenye grafu za rangi, na ada ambayo mzazi fulani huko kijijini atauza ng'ombe ili ailipe. Jibu langu ni lile lile kila siku: usianze na kozi. Kozi ni kitu cha tatu au cha nne. Cha kwanza ni swali unalotaka kulijibu, na cha pili ni data chafu ya hapa kwetu.

Najua wenye biashara ya kozi watanuna. Wanune tu. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na yale ninayoyaweka kwenye hifadhidata ndiyo mchambuzi huja kuyachota. Kwa hivyo namwona anayejua kuchota, na namwona pia yule anayebaki kando ya kisima na ndoo yake na vyeti vinne mkononi.

Hebu tuangalie wanachouza. Karibu kila kozi ya mwanzo inakupa data ya abiria wa meli ya Titanic iliyozama Aprili 1912. Faili ya mazoezi ina mistari 891, na kazi yako ni kukisia nani alipona na nani alikufa. Ukimaliza hapo unapewa maua ya Iris: maua 150, vipimo vilivyochapishwa na R. A. Fisher mwaka 1936. Sisemi ni data mbaya. Nasema imeshachambuliwa na nusu ya dunia, jibu linajulikana, na uchafu wake mwingi umeshaondolewa au umeshaelezwa na wengine. Halafu unaweka Titanic kwenye wasifu wako na kuupeleka kwa mwajiri wa Industrial Area ambaye shida yake ni kwamba mauzo ya tawi la Eldoret hayalingani na pesa zilizoingia benki. Kwenye meza yake kuna wasifu mwingine 200, zote zimezamisha Titanic.

Mtaniuliza, kwani kazi yenyewe ni nini? Nitawapa mfano mmoja ambao Mkenya yeyote aliyekuwa na redio aliusikia.

Tarehe 15 Agosti 2022 IEBC ilitangaza matokeo ya urais. Kesho yake makamishna wanne waliojitenga na matokeo hayo waliwaambia waandishi wa habari kwamba asilimia za wagombea wanne zikijumlishwa zinafika 100.01, na kwamba hiyo 0.01 iliyozidi ni kura kama 142,000. Siko hapa kujadili nani alishinda, naomba tusiende huko. Niko hapa kwa hesabu tu.

Chukua karatasi. William Ruto kura 7,176,141. Raila Odinga 6,942,930. George Wajackoyah 61,969. David Waihiga 31,987. Jumla ni 14,213,027. Sasa, asilimia 1 ya jumla hiyo ni kura 142,130. Asilimia 0.01 ni kura 1,421. Yaani ile 142,000 ni asilimia 1, wala si asilimia 0.01. Imekosewa mara mia moja.

Na hata hizo 1,421 hazipo. Asilimia zilizotangazwa zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23. Kila moja iliandikwa kwa tarakimu mbili tu baada ya nukta. Gawanya mwenyewe uone: Wajackoyah ana 0.436, ikapandishwa ikawa 0.44. Waihiga ana 0.22505, ikapandishwa ikawa 0.23. Ukipandisha vipande kadhaa vidogo kisha ukavijumlisha, jumla inaweza kuzidi 100 bila kura hata moja kuongezwa. Ukijumlisha kura zenyewe badala ya asilimia, hakuna kinachozidi.

Hapo pametakiwa Python? Pametakiwa akili bandia? Pametakiwa mtu anayejua kugawanya na anayejiuliza kabla ya kufungua mdomo, "Nambari hii imetoka wapi?" Nchi nzima ilikuwa imeshika pumzi siku hiyo. Kuna Wakenya tunaokumbuka Januari 2008, na tunajua nambari ya uchaguzi isiyoeleweka inaweza kuzaa nini. Ndiyo maana nakasirika nikiona uchambuzi wa data unauzwa kama mapambo ya kuchora grafu. Mchambuzi ni mtu wa kwanza kuona kwamba nambari haisimami, na akinyamaza au akikosea, wengine ndio wanaolipa.

Sasa kuhusu uchafu. Data ya Kenya ina uchafu wake wa kienyeji ambao hakuna kozi ya kigeni itakufundisha.

Kwanza, majina ya kaunti. Tuna kaunti 47, na faili mbili za serikali zinaweza kuziandika kwa namna mbili. Katiba inaandika Elgeyo/Marakwet na Taita/Taveta kwa mkwaju, lakini mtu wa ofisini ataandika kwa kistari au kwa nafasi tupu. Kuna Nairobi City na kuna Nairobi. Ukiunganisha majedwali mawili kwa jina la kaunti, hizo zinadondoka kimya kimya, na ripoti yako inatoka na kaunti 44. Halafu kuna Murang'a. Andika 'Murang'a' kwenye SQL uone: ile alama ya ng' inafunga maneno katikati na swali lako linakataa. Inabidi uandike 'Murang''a', alama mbili. Sisi wenye lugha ya ng'ombe na ng'ambo ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kulijua hili!

Pili, sifuri ya mbele. Fungua kwenye Excel faili yenye nambari za simu zinazoanza na 07, na mara nyingi sifuri inamezwa. Vivyo hivyo kodi za kaunti: Mombasa ni 001, ikiingia Excel inakuwa 1. Ukija kuilinganisha na jedwali lililohifadhi 001 kama maandishi, Mombasa imepotea baharini.

Tatu, jumla zinazoonekana kukosea kumbe hazijakosea. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296. Jumlisha wanaume 23,548,056 na wanawake 24,014,716 unapata 47,562,772. Wamepungua 1,524. Mwanafunzi wa Titanic atadhani ni hitilafu na kuirekebisha kwa nguvu. Aliyesoma maelezo ya jedwali anajua kwamba hao 1,524 ni watu wenye jinsia mbili, yaani huntha, ambao sensa ya Kenya iliwahesabu kwa mara ya kwanza mwaka huo. "Ukisafisha" hapo, umewafuta watu.

Haya, nimelalamika vya kutosha. Mtu atasema, basi tuambie tuanzie wapi. Anzia mfukoni mwako.

Pakua taarifa yako ya M-Pesa ya miezi 6. Inakuja kama PDF yenye nywila, na hapo tayari una somo la kwanza: jinsi ya kuitoa kwenye PDF iwe jedwali. Utapata nambari ya risiti, saa, maelezo, hali ya muamala, pesa iliyoingia, iliyotoka na salio. Jiulize swali moja tu: "Kwa miezi 6 nimepata shilingi ngapi, na zimeenda wapi?"

Linaonekana swali la mtoto. Jumlisha safu ya pesa iliyoingia uone utajiri wako. Umeshangaa? Hiyo safu imejumlisha akiba yako mwenyewe uliyoitoa M-Shwari, imejumlisha pesa uliyotuma kimakosa ikarudishwa, na kama wewe ni mteja wa Fuliza, imejumlisha mkopo. Mkopo si mapato, ndugu yangu. Sasa hesabu umefanya miamala mingapi. Ukihesabu mistari umekosea tena, kwa sababu ada ya kutuma huandikwa mstari wake, kwa nambari ile ile ya risiti. Muamala mmoja, mistari miwili. Ukishaelewa kwa nini kuhesabu mistari si sawa na kuhesabu risiti, umeelewa kitu ambacho kinawakwaza watu wenye mishahara mikubwa.

Angalizo: taarifa hiyo ina majina na nambari za watu wengine. Usiiweke mtandaoni ilivyo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, ni adabu. Ondoa majina na nambari kabla ya kumwonyesha yeyote.

Vifaa? Excel kama unayo, na kama huna, LibreOffice Calc ni bure. Kisha SQL. Lugha hii ilianza miaka ya 1970 huko IBM na bado ndiyo inayoendesha hifadhidata nyingi za benki, hospitali na maduka. Pakua SQLite, ni bure pia na inafanya kazi kwenye tarakilishi kuukuu. Jifunze kuchagua, kuchuja, kuweka makundi na kuunganisha majedwali. Mambo manne. Ukiyaweza hayo juu ya data chafu, fungua Python bila haraka. Gharama yako mpaka hapo ni bando.

Ukimaliza M-Pesa, nenda tovuti ya KNBS uchukue sensa, au Benki Kuu uchukue takwimu za malipo kwa simu. Chagua swali moja linalomhusu mtu wa mtaani kwenu. Andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili au Kiingereza chepesi: swali lilikuwa hili, data nimeitoa hapa, uchafu niliokuta ni huu, nilifanya hivi, jibu ni hili, na hapa sina hakika. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo mwajiri mwenye akili ataisoma kwanza.

Najua hoja mbili zinakuja.

Ya kwanza: "Lakini waajiri wanataka vyeti." Ni kweli, wengine wanataka, na hapa nawageukia wao. Nyinyi mnaotangaza kazi ya kujumlisha mauzo ya wiki, halafu mnadai digrii, Python, R, Power BI, Tableau na uzoefu wa miaka 5, na mshahara mnauita "wa ushindani" ili msiutaje, nyinyi ndio mnaowalisha wauza kozi. Njia ya kuchuja ipo na ni rahisi. Mpe mwombaji faili chafu ya kubuni yenye mistari 300, saa moja, na swali moja. Nyinyi mtapata mfanyakazi, naye atakuwa hajauza ng'ombe. Na wewe kijana, kama mlango unafunguka kwa cheti tu, chukua cheti, lakini chukua cha bei nafuu, na uwe umeshafanya kazi tatu zako mwenyewe kabla ya kulipa. Utasoma nusu ya muda, na utajua mwalimu akidanganya.

Ya pili: "AI inaandika SQL siku hizi, ya nini kujifunza?" Inaandika, na inaandika vizuri. Mimi mwenyewe naitumia. Lakini mwambie ikujumlishie pesa zilizoingia kwenye ile taarifa bila kueleza zaidi, na inaweza kukujumlishia Fuliza pamoja na mshahara kwa lugha tamu isiyo na kosa hata moja la sarufi. Nani atagundua? Ni yule anayejua Fuliza ni deni. Mashine ikizidi kuwa na kasi ya kujibu, thamani inahamia kwa anayeweza kulikataa jibu.

Kwa hivyo kijana, usiniulize tena nisome kozi gani. Niulize, "Nimekuta kaunti 44 badala ya 47, tatu zimeenda wapi?" Hapo tutakaa tuongee mpaka usiku.

Kama unauza kozi na unaona nimekuonea, nafasi ya maoni iko hapo chini. Ila njoo na kitu kimoja: data ya Kenya, chafu, ambayo wanafunzi wako waliisafisha wenyewe. Ukiwa nayo, nitaiweka hapa na nitakupigia debe bila malipo.