Acha Kunawa Mikono na Petroli, Dawa Iko Jikoni

Wasee, leo nina ugomvi na watu wa gereji. Ugomvi wa mapenzi, lakini ugomvi.

Braza yangu ni makanika. Kila jioni akimaliza kazi anachovya kitambaa kwenye kopo la petroli, anajisugua kutoka vidoleni hadi kwenye viwiko, na grisi yote inatoka. Dakika mbili tu. Juzi nikamwona ameshika kikombe cha chai kwa leso kwa sababu viganja vimepasuka hadi vinatoa damu. Nikamwambia aachane na petroli. Akanijibu, "Dogo, maji haitoi hii kitu. Petroli ndiyo inatoa."

Na hapo hajakosea. Shuleni tuliimbishwa kwamba kinachofanana huyeyusha kinachofanana, tukaandika kwenye mtihani, tukapata maksi, tukasahau. Hakuna aliyetuambia kwamba hiyo sentensi inahusu mikono ya mtu.

Iko hivi. Molekuli ya maji ina ncha mbili: upande mmoja una chaji hasi kidogo, mwingine chanya kidogo. Kwa hivyo maji yanashikana yenyewe kwa yenyewe, kwa nguvu. Grisi ni minyororo mirefu ya kaboni na hidrojeni, haina ncha kama hizo. Ikiingia katikati ya maji haina cha kushika, na maji hayawezi kuachana kirahisi ili kuipa nafasi. Watu husema maji na mafuta yanachukiana. Si chuki. Ni vile maji yanapendana sana.

Petroli nayo ni minyororo ya kaboni na hidrojeni kama grisi, ila mifupi. Zote mbili zinashikana kwa mvuto mdogo tu, kwa hivyo kubadilishana majirani hakuna hasara. Molekuli zinatembea kila upande, zinachanganyika, grisi inakwisha mkononi.

Ndiyo maana pia ile stori ya mtaani, ati ukitia sukari kwenye tangi la adui inayeyuka na kuua injini, ni uongo. Sukari ni ya ukoo wa maji. Kwenye petroli inazama tu na kukaa chini kama mchanga. Inaweza kuziba chujio, lakini haiyeyuki.

Sasa shida iko hapa. Ngozi yako pia ina mafuta yake, yamekaa katikati ya seli kama saruji katikati ya mawe. Hayo ndiyo yanazuia unyevu usitoke na uchafu usiingie. Petroli haijui kwamba hii ni grisi ya Probox na hii ni mafuta ya ngozi yako. Inachukua yote. Kesho unarudia, keshokutwa ngozi inapasuka.

Na si mipasuko tu. Petroli ina benzini, kemikali inayojulikana kusababisha saratani ya damu. Nyingi inaingia kwa kupumua mvuke, lakini nyingine inapita kwenye ngozi, na ngozi iliyopasuka ni mlango wazi. Bado sijataja moto: mvuke wa petroli unawaka hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi -40. Halafu kuna mtu anawasha sigara hapo kando.

Lakini kumwambia fundi "acha" bila kumpa kitu kingine ni kelele. Kitu chenyewe ni mafuta ya kupikia. Nayo yana minyororo mirefu ya kaboni, kwa hivyo grisi inayeyuka ndani yake. Paka kijiko kimoja kwenye mikono mikavu, bila maji kwanza, sugua, futa kwa kitambaa, kisha nawa na sabuni. Sabuni ina upande unaoshika mafuta na upande unaoshika maji, ndiyo inavuta mabaki yaende na maji. Ukitaka nguvu zaidi, ongeza sukari kidogo. Haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hivyo chembe zake zinasugua vizuri, halafu maji yanakuja kuiyeyusha na kuiondoa. Kama mikono tayari ina vidonda, ruka sukari.

Utasema mafuta ni ghali. Hata yale yaliyobaki baada ya kukaanga chipsi yanafanya kazi, mradi yamepoa na kuchujwa. Na wewe mwenye gereji, kama unaweza kununua jeki, unaweza kununua glavu na kuweka chupa ya mafuta karibu na karai. Hiyo mikono ndiyo inakulipia kodi.

Braza alijaribu Jumatatu. Akanusa viganja vyake, akacheka: "Nanuka chapati." Afadhali chapati, braza.

Mtumie fundi wako hii.