Nani Aliyeikata Tamaa?

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kiingereza "despair", aghalabu hajiumizi kichwa. Kamusi humpa "kukata tamaa", naye huandika hivyo na kusonga mbele. Mazoea haya yafaa kutiliwa shaka.

"Despair" lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini "desperare", yaani kupotewa na tumaini. Katika Kiingereza cha leo ni nomino na ni kitenzi pia, lakini kwa vyovyote vile hutaja hali inayomfika mtu, bila kuuliza ni nani kaileta. Ndugu yake, "desperate", amekwisha kushika njia nyingine: mara nyingi humtaja aliye tayari kufanya lolote, na huyo bila shaka angali na tumaini. Kiswahili, kwa upande wake, kimechagua kitenzi cha kisu. Mtu hukata tamaa. Yeye ndiye mtenda, na kinachokatwa ni tamaa, neno lenye asili ya Kiarabu linalobeba uroho pamoja na matarajio. Ndiyo maana mwalimu humwambia mwanafunzi "usikate tamaa" bila kusita. Mtu hukatazwa lile aliwezalo kuliacha.

Kosa hili lina gharama. Katika PHQ-9, dodoso la maswali 9 lililochapishwa mwaka 2001 na linalotumiwa katika nchi nyingi kupima sonona, swali la pili humtaka mgonjwa aeleze ni mara ngapi, katika muda wa wiki 2, amesumbuliwa na huzuni au kupotewa na tumaini. Tuseme mfasiri ameandika "kukata tamaa". Mama aliyefiwa, ambaye kila alfajiri huamka akawapikia watoto uji, atajibu kwamba hajakata tamaa. Naye atakuwa amesema kweli, kwa kuwa hajaiacha kazi yake hata siku moja. Giza lililomo moyoni mwake halikuulizwa.

Dawa imo humu humu lughani: kutamauka. Mwisho wa kitenzi hiki ni ule ule wa "zibuka" na "funguka", ambavyo havidai mtenda. Aliyetamauka hakuikata tamaa, imemtoka. Wapo watakaodai kuwa neno hili ni la insha za mitihani na kwamba mgonjwa wa kijijini hatalielewa. Hoja hiyo ina uzito. Palipo na shaka, mfasiri na aandike kwa urefu: kuona kwamba hakuna jema litakalokuja. Kitakachopotea ni wino tu.

"Kuvunjika moyo" nako kubaki kwa aliyeanguka mtihani mmoja, ambaye kesho huenda akacheka. "Kukata tamaa" kuwe kwa mkulima wa kahawa aliyechoka kungoja malipo, akachukua jembe na kuing'oa mibuni yake. Huyo ameamua.