KANGA ZA KUENDEA KLINIKI (sehemu ya 14)

Mlioniuliza mbona wiki nzima kimya, mtandao wa huku Chole mnaujua, mpaka usimame chini ya mwembe fulani ndiyo unaupata. Leo tuongee nguo.

Kuna swali haliko kwenye kadi ya kliniki lakini kila mama mjamzito analijibu kabla hajatoka kwake: nivae nini? Mama anaanza kliniki mimba ina miezi sita. Ukimuuliza, atasema njia mbali, atasema korosho zilikuwa zinaanguka. Funga mlango, kaa naye taratibu, ndiyo linatoka lenyewe: "Sikuwa na nguo, nesi." Siyo kwamba alikuwa anatembea uchi. Nguo ya shamba anayo, na doti moja iliyopauka anayo. Hana nguo ya kukaa nayo kwenye lile benchi, kati ya wenzake wenye madera mapya, wanaomwangalia kuanzia ndala mpaka kilemba.

Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 linashauri mahudhurio 8, la kwanza kabla ya wiki 12. Sasa hesabu mwenyewe. Mtu mwenye doti moja ataonekana nayo mara ngapi kabla hawajaanza kumwita kwa jina la hiyo kanga?

Na hapa lazima niwaseme wenzangu wa kazi, maana benchi linafuata macho yetu. Kituo kimoja nilichofanya kazi kabla ya kuja huku, alifika mama ametokea porini kwenye tanuri la mkaa. Kitenge kimechanika, masizi mpaka kwenye kope, kandambili rangi mbili. Mwenzangu wa mapokezi hakumpa hata salamu, alimwambia, "Wewe kakoge kwanza ndiyo urudi." Mama wa watu akatoka akakaa chini ya mti. Kilichomwokoa ni bibi mmoja kwenye foleni, alikuja kunigongea: "Mwanangu, yule pale nje anasema kichwa kinampasuka na haoni vizuri." Kumpima presha, 170 kwa 110. Mjamzito akifika 140 kwa 90 tu tunaanza kushtuka. Tulimchoma sindano ya kuzuia kifafa cha mimba, gari likapatikana, akaenda hospitali kubwa. Alipona na mtoto akapona. Lakini tarehe mbili za kliniki alikuwa amezikosa, akisubiri mume auze magunia apate kanga. Zile tarehe ndizo presha ingeonekana mapema.

Jambo hili halikuanza jana. Huku Pwani nguo ilikuwa inasoma cheo cha mtu hata kabla hajafungua mdomo. Zamani za utumwa, merikani nyeupe isiyo na nakshi na kaniki ya bluu nzito zilikuwa vazi la mtumwa na la mnyonge. Utumwa ulipofutwa Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa walizitupa, wakachukua kanga za rangi na baadaye baibui, ili asiwepo wa kuwatazama na kujua walikotoka. Kwa hiyo mama akikwambia hawezi kuja na nguo iliyochakaa, usimwone ana majivuno. Anakwepa kitu ambacho bibi zetu walikikimbia.

Na macho hukosea upande wa pili pia. Mzee ameshuka na suti na viatu vinang'aa, watu wote wanampisha, kumbe amekuja kuuliza ratiba ya chanjo ya mjukuu. Mfugaji akifika na lubega, benchi zima linaamini ana ng'ombe mia, huyo alipie asisumbue. Hata sisi tunanufaika bila jasho: kijana wa usafi akivaa koti jeupe, mara "shikamoo daktari" na anaanza kuelezwa siri za tumbo. Ndiyo maana matapeli wanaojifanya madaktari hawahangaiki na vyeti, wanatafuta koti. Mimi Jumapili nikipanda gari na dera langu, nikimwambia mtu mtoto wake anapumua vibaya, ananiuliza, "Kwani wewe nani?"

Najua mtasema usafi ni heshima, ukienda kwa watu ujipambe. Nakubali, na gauni langu napiga pasi kila usiku, kwa mkaa. Lakini arusini ukinihukumu kwa kanga, hasara yangu ni pilau. Mapokezi ya kituo siyo arusini. Pale cha kuangalia ni midomo imekuwa myeupe, miguu imevimba, mtoto wa miezi miwili hajafika lakini anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika. Hivyo havijali dera wala kitenge, na nguo nzuri inaweza kuvificha. Miguu iliyovimba chini ya baibui jipya huioni mpaka uombe kuiona.

Sasa hizi kanga za kujifungulia. Wanaume, nisikilizeni. Tukisema mama aje na kanga, hatujasema mpya. Mtoto akizaliwa tunamfuta palepale kwa nguo kavu, iliyolowa tunaitoa, tunamlaza kifuani kwa mama, tunamfunika kwa nyingine kavu. Basi. Kanga mpya ina wanga wake wa dukani, hainyonyi maji, inateleza tu kwenye ngozi ya mtoto. Ile ya zamani, iliyofuliwa mpaka ikalainika, ndiyo tunayoipenda sisi. Ifue, ianike juani, ipige pasi, ifunge kwenye mfuko safi, weka tayari mimba ikiwa na miezi saba. Wala msihangaike kuazima za kujionyesha, nguo ya kuazima mnajua haisitiri nini.

Na ukikosa kabisa, njoo hivyohivyo, hata na masizi. Maji ya kuoga yapo, na kanga moja mbili za akiba tunazo kabatini, walituachia akina mama waliotangulia. Ukimkuta mtu mapokezi anakutuma kuoga na wewe kichwa kinakugonga, usitoke. Mwambie kichwa kinaniuma na macho hayaoni vizuri, sema kwa sauti, benchi zima lisikie.

Sehemu ya 15 nitaongelea wakwe wanaoingia na chungu cha dawa leba. Mtandao ukiruhusu.