Tukishuka Dar, Tulale Wapi?

Sisi wa Old Moshi tukishuka Dar es Salaam hatuulizi mtaa. Tunafikia kwa ndugu, basi. Mwenzetu mmoja wa Kidia alimpeleka mtoto kliniki ya moyo katikati ya jiji, akalala kwa wifi yake Mbagala. Waliamka saa kumi alfajiri. Foleni ya magari ikawashika, wakafika zamu imepita. Wakarudi mlimani kungoja tarehe nyingine.

Tunaona heri shughuli ichague mtaa. Muhimbili iko Upanga, usiku wa kuamkia kliniki laleni hapo hapo, au Kariakoo, ambako gesti ni nyingi (na kelele pia!). Tena kituo kikuu cha mabasi ya mikoani sasa kiko Mbezi Luis, tangu 2021, si Ubungo. Kutoka huko hadi mjini ni safari nyingine.

Baba watoto atauliza kwa nini mlipe gesti na ndugu wapo. Mpigieni hesabu ya nauli ya kurudi mara ya pili. Wifi naye aambiwe mapema, kabla ya kupanda basi: kliniki ikiisha tunakuja kwako. Na ndizi zake msizigawe njiani.