Mashine Inaposema "Karatasi Imekwama"

Watu wengi wanaotumia printa ya leza nyumbani hudhani kwamba mashine hiyo huiona karatasi inavyokwenda ndani yake. Dhana hiyo si sahihi, na kwa maoni yangu ndiyo inayofanya printa zilizo nzima zitupwe. Mashine haioni karatasi. Ijuacho ni mambo mawili tu: kama mwanga fulani umezibwa au haukuzibwa, na ni muda gani umepita. Maneno "karatasi imekwama" ni hitimisho lililowekwa humo na mhandisi aliyeiunda, wala si jambo lililoshuhudiwa.

Katika njia ya karatasi mna vijiti vya plastiki, kila kimoja kikiwa ni wenzo wenye egemeo na springi. Ncha moja hujitokeza njiani. Ya pili huingia katika kifaa kidogo chenye umbo la herufi U. Upande mmoja wa kifaa hicho kuna diodi itoayo miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, na upande wa pili kuna transista inayoipokea. Karatasi ipitapo husukuma ncha ya kwanza. Ncha ya pili husogea, na miale huzibwa au huachiwa kulingana na muundo wa mashine. Karatasi ikiisha kupita, springi hukirudisha kijiti mahali pake.

Pamoja na vijiti kuna saa. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297. Tuseme inakwenda kwa mwendo wa milimita 120 kwa sekunde: itakilaza kijiti kwa muda wa sekunde mbili na nusu hivi. Kijiti kikibaki kimelala kupita muda huo na nyongeza ndogo iliyoruhusiwa, mashine husimama na kutangaza kwamba karatasi imekwama. Vilevile, karatasi iliyoitwa kutoka kwenye trei isipokifikia kijiti cha kwanza kwa wakati, tangazo huweza kuwa lilelile, ingawa karatasi yenyewe ingali imelala kwenye trei.

Mwaka jana, siku chache kabla ya mtihani wa muhula, printa yangu ya nyumbani ilianza kutoa tangazo hilo. Nilifungua mlango wa mbele, nikafungua wa nyuma, nikatoa kasha la wino wa unga. Sikuona karatasi yoyote. Fundi niliyempelekea aliizima, akaiwasha, tangazo likarudi, naye akanishauri ninunue nyingine. Nilikuwa tayari kukopa. Mtoto wa mdogo wangu, aliyekuwa kidato cha pili, ndiye aliyeuliza: "Baba mkubwa, kwani yenyewe imejuaje kama kuna karatasi?" Naona haya kukiri kwamba mimi, niliyefundisha fizikia miaka mingi, sikuwa nimejiuliza swali hilo. Tulichukua tochi tukamulika penye mlango wa kutokea karatasi, tukakikuta kijiti kimelala. Kipande cha karatasi kisichozidi ukucha kilikuwa kimejibana penye egemeo lake. Tulikitoa kwa kibano, kijiti kikaruka mahali pake, na mitihani ikapigwa chapa usiku uleule.

Tangu hapo nimejifunza kwamba wakati wa tangazo ndio ushahidi mkubwa. Likitokea mara tu mashine iwashwapo, hata kabla karatasi haijavutwa, basi shuku kijiti kilicholala, springi iliyochomoka, au vumbi lililoziba miale. Likitokea baada ya mashine kujaribu kuvuta karatasi isiyoondoka kwenye trei, shuku rola ya mpira: imekuwa laini au imeshika vumbi la karatasi. Ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholowanishwa kidogo kwa maji. Ikiwa imelika, ibadilishwe. Huku Pwani kuna sababu nyingine. Bunda la karatasi likiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa. Karatasi hujikunja au hugandamana, nazo huchelewa. Zirudishwe katika kifuko chake. Ukitaka kukijaribu kijiti, kilaze polepole kwa kidole ukiachie: kikirudi kwa uvivu, au kisiporudi kabisa, umekwisha pata jibu.

Kabla ya hayo yote, chomoa waya wa umeme na uiache mashine ipoe, kwani rola inayoyeyusha wino hufikia joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Wino ukimwagika usitumie maji ya moto, kwa sababu ni unga wa plastiki nao utashikana.

Ninalowaomba walimu wenzangu ni hili. Katika maabara zetu mwanafunzi huandika kile kinachosemwa na mita, basi. Ni mara chache tunamuuliza mita hiyo imepima nini hasa, na ni nini kilichodhaniwa tu. Printa mbovu ni mwalimu mzuri wa somo hilo, tena ndani yake mna wenzo, gia, springi, solenoidi, na umeme tuli uleule ambao Chester Carlson aliutumia mwaka 1938 huko New York kunakili maandishi kwa mara ya kwanza. Wapo wanaosema kwamba wanafunzi wataiharibu. Sizungumzii printa ya ofisi. Nazungumzia ile iliyokwisha andikiwa kutupwa. Shuleni kwetu tumeiweka moja mezani, bila waya wa umeme, na wanafunzi wameambiwa wachore njia ya karatasi na kuonyesha kila mahali ambapo mashine huipima. Mpaka sasa wamepata vijiti vitatu. Wanakitafuta cha nne.